Mama Anasema Sikuwepo: Wasomaji Wanauliza Kuhusu Kumbukumbu

Barua nne za mwezi huu zimetoka Bukavu, Goma na Lubumbashi, na ingawa walioziandika hawajuani, zote zinagonga mlango mmoja. Nimezifupisha kwa ajili ya nafasi na nimeondoa majina. Ile ya mama wa Himbi nimeiweka mwisho na kuijibu kwa urefu, kwa sababu ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Mwalimu, mimi ni finalisti wa biolojia na kemia hapa Kadutu, Bukavu. Kila usiku nasoma daftari langu mara tano au sita, kwa tochi ya simu umeme unapokatika. Nikilala najiona nimejua kila kitu, lakini asubuhi nikiitwa ubaoni nabaki kimya kama jiwe. Je, kichwa changu kina kasoro, au kuna dawa ya kuongeza akili?
*Mwanafunzi, Kadutu*

Mwanangu, kichwa chako ni kizima, na vidonge vinavyouzwa sokoni kwa jina la dawa ya akili vitapunguza pesa za mama yako tu. Kasoro iko katika namna unavyosoma. Mtu anaposoma ukurasa kwa mara ya tano, maneno yanamteleza machoni bila kukwama popote, na wepesi huo humdanganya akadhani amekwisha kujua. Kumbe kulitambua jambo unapoliona si sawa na kulitoa kichwani wakati halipo mbele yako, kama vile kuitambua sura ya jirani yako si sawa na kuweza kuichora.

Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri orodha ndefu za silabi zisizo na maana yoyote, kisha akapima, baada ya muda fulani, ni kiasi gani cha kazi anakiokoa anapojifunza upya orodha zilezile. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1885 alionyesha kwamba baada ya saa moja tu zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea, na baada ya siku moja karibu theluthi mbili, lakini baada ya mwezi mzima bado ilikuwa imebaki takriban sehemu moja ya tano. Kusahau hukimbia mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Kwa hiyo ukimya wako wa asubuhi ubaoni ni jambo la kawaida kabisa kwa mtu aliyesoma usiku mmoja bila kurudia kwa njia inayofaa.

Njia hiyo imepimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne, na kundi jingine lilikisoma katika kipindi kimoja, kisha likajaribiwa mara tatu kuandika kila lilichokumbuka bila kutazama. Dakika tano baadaye waliosoma tu ndio waliofanya vizuri zaidi, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu ndiyo hali unayojiona nayo unapozima tochi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61 ya kifungu, na waliosoma tu asilimia 40.

Basi soma ukurasa wa mzunguko wa damu mara moja kwa utulivu, funga daftari, chukua karatasi tupu, uchore moyo na vyumba vyake vinne na uandike damu inaingilia wapi na inatokea wapi. Utakwama. Kule kukwama na kutafuta ndiko kunakoijenga njia, kwa hiyo usikimbilie kufungua daftari. Rudia kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Na ushauri mmoja ambao ni wangu mwenyewe, wa mtu aliyefundisha biolojia miaka mingi: mweleze mdogo wako somo hilo kwa Kiswahili mnapotwanga sombe, ndipo uliandike kwa Kifaransa cha mtihani. Anayekariri Kifaransa cha mwalimu neno kwa neno ni kasuku, lakini atakayelihamisha jambo kutoka lugha moja hadi nyingine hana budi kulielewa kwanza. Kisha ulale, kwa maana ubongo hukomaza usingizini yale uliyojifunza mchana, na usiku mzima wa kukesha kabla ya mtihani unakunyima saa zilezile ulizokuwa unazihitaji.

Mimi ni motari wa Birere, Goma. Hakuna kichochoro cha Majengo, Katoyi wala Mabanga nisichokijua, hata usiku. Lakini simu ikizimika siwezi kutaja namba ya mke wangu, na yeye anasema ni kwa sababu simpendi. Nisaidie.
*Motari, Birere*

Ndugu yangu, mwambie mama kwamba upendo haukai mahali namba zinapokaa. Vichochoro vya Majengo umevipita kwa mwili wako mara elfu, ukivitafuta wewe mwenyewe, lakini namba ya mkeo hujawahi kuitafuta kichwani hata mara moja tangu uliponunua simu inayokutafutia. Watafiti wa London waliwapima madereva wa taksi wa jiji hilo, ambao hulazimika kukariri maelfu ya mitaa kabla ya kupewa leseni, na mwaka 2000 wakatangaza kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, kiungo kidogo kilichojikunja ndani ya ubongo kila upande, ilikuwa kubwa zaidi kwao kuliko kwa watu wengine. Kichwa cha motari nacho ni ramani, ila ni ramani ya barabara.

Kuhusu namba, akili inayoshika jambo kwa muda mfupi ina kiganja kidogo: George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba hubeba vitu kama saba hivi, na waliomfuata wameona kwamba mara nyingi ni vinne tu. Namba ya tarakimu kumi haiingii humo mpaka uifunge mafungu, na ndiyo maana wengi wetu tunaitaja mbilimbili kwa Kifaransa, nonante na kitu, septante na kitu, hata katikati ya mazungumzo ya Kiswahili. Itaje hivyo kwa sauti kila unaposubiri abiria. Kwa siku chache utakuwa nayo, na nyumbani patatulia.

Mwalimu, kambo wetu, mama aliyemzaa baba, tunaishi naye Kamalondo, Lubumbashi. Siku hizi anatia chumvi kwenye sombe mara mbili, anauliza kama tumekula wakati sahani bado ziko mezani, na juzi aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Lakini ukimwanzishia wimbo wa utoto wake huko Kamina, anaumaliza wote. Jirani wameanza kunong'ona kwamba ni mlozi, eti anajifanya. Je, mtu anaweza kusahau leo na kukumbuka zamani? Pia anatusimulia juu ya ubao wa shanga ambao wazee wa Kiluba waliusoma kwa kidole. Ni kweli?
*Mjukuu, Kamalondo*

Mjukuu mwema, nianze na jirani, kwa sababu mnong'ono wa namna hiyo umewahi kuwatoa wazee wetu roho. Kambo hajifanyi. Mfaransa Théodule Ribot aliandika tangu mwaka 1881 kwamba ugonjwa unapoivamia kumbukumbu huanza kula yale ya karibuni na kuyaacha ya zamani hadi mwisho, na kila daktari anayewatunza wazee hukutana na jambo hilo. Mtu anayesahau chakula cha mchana na kukumbuka nyimbo za Kamina haonyeshi hila yoyote; anaonyesha dalili zinazojulikana za ubongo unaougua.

Kwa nini iwe hivyo? Kisa kilichotufundisha zaidi ni cha Mmarekani Henry Molaison. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 27, alipasuliwa kichwa ili kutibu kifafa kikali, na daktari akamwondolea sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku ile hakuweza tena kushika jambo jipya: alikumbuka utoto wake, aliongea vizuri, akili yake ilikuwa timamu, ila mtu akitoka chumbani na kurudi baada ya dakika chache alimsalimia kama mgeni. Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyemfuatilia kwa miaka mingi, alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Siku ya kwanza kalamu ilimpotea, lakini siku ya tatu alichora kwa ustadi, ilhali aliapa kwamba hajawahi kuiona kazi ile maishani mwake. Mikono yake ilikuwa imejifunza bila yeye kujua. Molaison alifariki mwaka 2008, na hadi leo ndiye anayetufahamisha kwamba mambo mapya huhitaji hipokampasi ili yashike, kwamba yale ya zamani sana yamekwisha kuenea mahali pengine katika ubongo, na kwamba ujuzi wa mikono una nyumba yake tofauti. Katika ugonjwa wa Alzheimer hipokampasi ni miongoni mwa sehemu zinazoshambuliwa mapema. Ndiyo sababu kambo bado anajua kutwanga sombe, ila hajui kwamba amekwisha kuitia chumvi.

Hata hivyo msimpe jina la ugonjwa ninyi wenyewe, wala mimi nisimpe kwa barua. Mpelekeni kwa daktari, kwa sababu yako mambo yanayofanana na hayo ambayo hutibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyozembea, huzuni nzito, maambukizi, au hata dawa za usingizi anazokunywa. Nyumbani acheni kumtahini kwa kumuuliza, "Kambo, unanikumbuka?" Ingieni mkisema, "Kambo, ni mimi, mtoto wa fulani, nimekuletea chai." Mtu asiyeaibishwa hukasirika mara chache.

Na ubao? Ni kweli tupu, na nimefurahi kwamba ameukumbuka. Unaitwa lukasa. Ni kipande cha mti kinachotosha mkononi, kimebanwa katikati, kikapambwa shanga za rangi mbalimbali na vipande vya kome au chuma, na kilikuwa mali ya Mbudye, chama cha walinzi wa historia ya ufalme wa Waluba. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto na kupitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga: shanga moja kubwa iliyozungukwa na ndogo ingeweza kuwa mfalme na watu wake, msururu wa shanga ukawa njia ya safari, na hivyo akasimulia jinsi mwindaji Mbidi Kiluwe alivyofika katika nchi ya Nkongolo Mwamba, na jinsi mwanawe Kalala Ilunga alivyotwaa ufalme. Jambo linalonivutia mimi ni kwamba shanga hazikuwa herufi. Ubao uleule, ukishikwa na msomaji mwingine mbele ya wasikilizaji wengine, ulitoa masimulizi yenye mpangilio na mkazo tofauti. Nadhani wazee wale walikuwa wametengeneza kifaa kinachofanana na kumbukumbu yenyewe kuliko daftari lolote: alama chache zinazodumu, na masimulizi yanayofumwa upya kila kidole kinapopita. Msomaji wa Himbi naomba aishike picha hiyo.

Mwalimu, tarehe 17 Januari 2002, volkano ilipoingia mjini Goma, nilikuwa na umri wa miaka minne. Nakumbuka vizuri: yaya wangu alinibeba mgongoni, mama alikuwa na cherehani kichwani, tukaelekea bariera ndogo ili kuvuka Gisenyi, na kila nikigeuka naona anga jekundu. Nimewasimulia watoto wangu mara nyingi. Mwaka jana, katika matanga ya baba, nilipokuwa nikiisimulia, mama alisema taratibu mbele ya watu wote, "Mwanangu, wewe hukuwepo. Ulikuwa Bukavu kwa mama yako mkubwa tangu Noeli." Yaya akakubaliana naye. Nilijisikia kama niliyevuliwa nguo. Je, mimi ni mwongo? Au wao ndio waliosahau?
*Mama wa watoto watatu, Himbi*

Dada yangu, mwongo ni mtu anayeijua kweli na kuificha. Wewe umesimulia ulichokiona ndani ya kichwa chako, na ulikiona kweli. Swali ni kilifikaje humo.

Tumezoea kudhani kwamba kumbukumbu ni picha iliyowekwa sandukuni, ambayo ikififia tumesahau na ikiwa wazi tumekumbuka. Ubongo haufanyi kazi hivyo. Rangi ya anga hukaa sehemu moja, sauti ya yaya sehemu nyingine, hofu nyingine, na hipokampasi huwa kama uzi unaoziunganisha. Tunapokumbuka, vipande hivyo hukusanywa na kushonwa upya, na panapokosekana kitambaa tunatia kiraka kutoka kwa yale tuliyoambiwa, tuliyoyaona baadaye, au tunayojua kwamba kwa kawaida huwa hivyo. Tena kile kitendo cha kukumbuka hukiacha kisa kikiwa kilaini kwa muda: mwaka 2000 Karim Nader na wenzake mjini New York walionyesha kwamba panya aliyekumbushwa hofu yake ya zamani, kisha akadungwa papo hapo dawa inayozuia ubongo kutengeneza protini, aliipoteza hofu hiyo, ilhali panya ambaye hakukumbushwa alibaki nayo. Hatuwezi kulihamisha jambo la panya moja kwa moja hadi kwa binadamu, lakini linatuonya kwamba kisa kilichosimuliwa mara hamsini kimepita mikononi mwa fundi mara hamsini.

Utasema jambo kubwa kama volkano haliwezi kubadilika. Wengi walidhani hivyo. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilipasuka mbele ya macho ya dunia. Kesho yake asubuhi Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwaandikisha wanafunzi wao mahali walipokuwa waliposikia habari hiyo, na zaidi ya miaka miwili baadaye wakawauliza tena 44 kati yao. Wanafunzi 11 hawakupata hata jambo moja sawa, na wengi wa waliokosea walikuwa na uhakika mkubwa. Hata walipoonyeshwa karatasi walizoziandika kwa mkono wao wenyewe, kumbukumbu ya kwanza haikurudi. Uwazi wa picha na uhakika wa moyo, hayo mawili tunayoyaamini kuliko yote, hayatoshi kuwa ushahidi.

Na je, mtu anaweza kukumbuka jambo ambalo halikumpata kabisa? Anaweza. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell waliwapa watu 24 visa vinne vya utoto wao, vitatu vya kweli kutoka kwa ndugu zao na kimoja cha kubuni, kwamba walipotea katika jengo la maduka wakiwa wadogo. Watu sita kati yao walikuja kukikubali kisa hicho cha uongo, chote au kwa sehemu, na baadhi waliongeza mambo ambayo hakuna aliyewaambia. Kumbuka kwamba walihadithiwa na watu waliowaamini. Wewe umekulia katika nyumba ambayo kila aliyekuwamo alikimbia volkano isipokuwa wewe.

Tuvishike basi vipande vyako kimoja kimoja. Mgongo wa yaya: bila shaka alikubeba mara nyingi, na mwili wako unaujua. Cherehani: nadhani kisa cha mama aliyeacha magodoro akachukua cherehani kimesimuliwa nyumbani kwenu hadi kikawa cha ukoo mzima. Anga jekundu: barua yako inaonyesha kwamba hujahama mji, basi nakuuliza, jioni ya tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotema tena moto, ulikuwa umesimama wapi? Wengi wa Goma waliuona wekundu ule juu ya mapaa, na huenda wekundu wa mwaka huo umekwenda kukaa katika anga la 2002. Kila kipande chaweza kuwa cha kweli, na mahali kilipowekwa pasiwe pake. Kinachofutika kwa urahisi kuliko yote ni lile swali dogo: hili nililiona, au niliambiwa? Mtoto wa miaka minne ndilo analoshindwa kulitunza zaidi, kwa kuwa watu wengi hawana kumbukumbu yoyote ya kabla ya miaka mitatu hivi, na hata zile za miaka michache inayofuata ni vipande vipande.

Hata hivyo sikuambii kwamba mama ameshinda. Kichwa chake nacho hushona, na yaya aliyekubaliana naye palepale matangani, mbele ya wazee, si shahidi wa pili. Huenda ni mwangwi tu. Ukitaka kujua, tafuta kitu kilichoandikwa au kupigwa picha wakati ule, na umwulize mama mkubwa wa Bukavu akiwa peke yake, kabla wengine hawajamsimulia. Angalia sana namna ya kuuliza. Loftus na mwenzake John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari mwaka 1974: walioulizwa magari yalikuwa na kasi gani "yalipopondana" walikadiria wastani wa kilomita 66 kwa saa, na walioulizwa "yalipogusana" wastani wa kilomita 51, kwa filamu zilezile. Neno moja la muulizaji liliongeza mwendo wa gari. Kwa hiyo usimwambie mama mkubwa, "Si kweli kwamba nilikuwa kwako?" Mwambie, "Mama, volkano ya 2002 ilikukuta wapi, na nani walikuwa nyumbani kwako?" Kisha unyamaze, amalize.

Umeniuliza pia, katika ukurasa wa mwisho wa barua, kama uache kuwasimulia watoto. Usiache. Safari ile ilitokea, na mama yako aliitembea kwa miguu akiwa na cherehani kichwani. Badilisha mwanzo tu: badala ya "nilipobebwa mgongoni," anza na "nyumbani kwetu walisema," na siku ambayo mama yuko Himbi, mwachie yeye kiti na masimulizi, huku mtoto wako mkubwa akiandika daftarini tarehe, majina na njia waliyopita, maana kuna mengi ya siku ile ambayo ni yeye peke yake aliyebaki nayo.